Maumivu baada ya upasuaji wa kamera wa figo, kibofu na tezi dume: tuliopita huko tuwaambie wanaofuata

Mtu wa Tabata (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Leo ni siku ya tisa tangu nitolewe mrija uliokaa ndani ya mwili wangu wiki tatu. Naandika uzi huu kwa sababu yapo mambo ambayo kama ningeambiwa siku ile natoka wodini, nisingesimama saa tisa usiku nimeegemea ukuta wa choo huku nalia. Hospitali siitaji. Madaktari walinitoa jiwe salama na nawashukuru sana. Nilichokosa ni maelezo, na najua siko peke yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa na jiwe la milimita 11 kwenye njia inayoshusha mkojo kutoka figo ya kushoto kwenda kwenye kibofu. Nikapangiwa kamera na leza. Hakuna kisu, wanaingia kwa njia ileile unayokojolea, wanalipasua jiwe, wanatoa vipande. Nikachomwa ganzi ya mgongo, nikawa nasikia mashine inatikatika huku sihisi kitu. Kesho yake saa nne asubuhi nikaruhusiwa, nikapewa parasetamoli na antibayotiki. Sina mshono hata mmoja. Nikawapigia ndugu simu, nimepona.

Nikachukua bajaji kutoka Buguruni. Tulipofika kuvuka reli pale Tabata Relini, kwa ule mrusho mmoja tu, nikahisi kama kuna kijiti kinanikwaruza kibofu kwa ndani. Nyumbani mkojo ukatoka rangi ya juisi ya rozela. Halafu likaja lile lililonitisha kuliko yote: kila nikikojoa, maumivu yanapanda mpaka ubavuni, chini ya mbavu, kama mtu anaipuliza figo kama puto. Nikajua jiwe limebaki.

Usiku ule nikaanza kuweka njiti za kiberiti kwenye kizingiti cha dirisha la choo, njiti moja kila nikiingia, ili nijue kama ni kweli au nazidisha. Alfajiri nikahesabu njiti 14.

Jirani akasema hiyo ni U.T.I., nikanunua antibayotiki nyingine dukani juu ya ile niliyopewa. Hakuna kilichobadilika zaidi ya tumbo kuharisha. Siku ya tano nikarudi kliniki na njiti zangu kwenye bahasha. Daktari wa zamu, kijana tu, akazimwaga mezani akazihesabu, hakucheka. Akageuza karatasi akanichorea figo, kibofu na bomba jembamba katikati. Ndiyo siku niliyojua kwamba nina bomba ndani. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa lilikuwa limeandikwa kwa herufi mbili tu, DJ, na mimi nisingejua maana yake hata ungenipa mwaka mzima.

Hilo bomba ni laini, upana wake kama milimita 2, urefu wake unakaribia rula ya shule. Ncha zote mbili zimejikunja kama herufi J, ndiyo maana ya DJ, yaani "double J", J mbili; moja inakaa ndani ya figo, nyingine ndani ya kibofu, ili lisitoke wala lisipande. Linawekwa kwa sababu njia ikishapitishwa kamera na leza inavimba, na ikivimba ikaziba, mkojo unarudi kwenye figo na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa hiyo linakulinda. Lakini ile ncha ya chini inagusa sakafu ya kibofu, na kibofu kikiguswa pale kinadhani kimejaa. Ndizo zile njiti 14.

Maumivu ya ubavuni nayo yana sababu yake. Kwa kawaida ukikojoa, pale ile njia inapoingilia kwenye kibofu panajibana, mkojo haurudi juu. Bomba likipita pale, mlango unabaki wazi. Kibofu kinakamua, sehemu ya mkojo inapanda kwenye figo, unasikia lile puto. Damu inatokana na bomba kusugua ukitembea sana au ukirushwa kwenye bajaji. Jiwe halikubaki. Hakuna kilichoharibika.

Akanipa tamsulosini ya miligramu 0.4, kidonge kimoja kwa siku baada ya chakula cha usiku, inalegeza misuli ya ile njia na ya shingo ya kibofu. Akaongeza dawa ya kutuliza kibofu kisijikunjekunje. Na parasetamoli akaniambia nile kwa saa, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita kwa siku tatu, nisisubiri iume ndipo nimeze. Usiku uliofuata zikawa njiti 9. Baada ya siku nne zikawa 5, na zikabaki hapo hapo mpaka bomba lilipotoka.

Ninachotaka kusema ni hiki: maumivu ya upasuaji huu mara nyingi hayatoki kwenye kidonda. Yanatoka kwenye bomba na kwenye kibofu kinachojibana, na kila aina ina dawa yake. Kuongeza tu idadi ya vidonge vya maumivu hakusaidii. Ulizeni kabla ya kuvua nguo za wodi: je, nimewekewa mrija? Unatoka lini? Nikikojoa ubavu ukiuma nifanye nini?

Waliopita kwenye tezi dume, figo na kadhalika, karibuni muongeze.

bint_Kigamboni

Pole sana kaka, na asante. Umenifanya nilie hapa kazini maana yote uliyoandika nimeyapitia mwaka jana, upande wa kulia.

Naongeza la wanawake. Daktari aliniandikia hiyohiyo tamsulosini. Nilipofika duka la dawa, muuzaji akaitazama karatasi, akanitazama, akasema, "Dada, hii ni dawa ya tezi dume ya wanaume, daktari amekosea." Nikaondoka bila dawa. Nikateseka wiki nzima nikijua nimeandikiwa kimakosa. Siku narudi kliniki daktari akanieleza kwamba yule muuzaji yuko sahihi kuwa ni dawa ya tezi dume, ila inalegeza na misuli ya njia ya mkojo, na njia ya mkojo tunayo sote. Wanawake wenye huo mrija wanapewa. Kwa hiyo dada zangu, mkiambiwa hivyo dukani mpigieni daktari kwanza.

Angalizo moja: inashusha presha ukiinuka ghafla. Nilipata kizunguzungu nimesimama kwenye foleni ya pantoni pale Feri, nikakaa chini. Inuka taratibu, kaa ukingoni mwa kitanda kwanza.

Kingine kilichonisaidia ni kutobana mkojo. Nilikuwa naogopa maumivu hivyo najizuia, nikienda kibofu kimejaa pomoni, puto linakuwa kubwa zaidi. Nikaanza kwenda mapema, nakaa, nalegeza tumbo, sisukumi. Mkojo ukiisha nasubiri kidogo, najaribu tena. Tofauti niliiona siku ileile.

Mwana wa Mzee

Mimi nilimuuguza baba, miaka 71, alikwanguliwa tezi dume kwa kamera. Kwake hakukuwa na bomba la ndani, kulikuwa na mpira wa mkojo na mfuko. Wodini walimwekea maji ya chumvi yanaingia na kutoka kuosha kibofu mpaka mkojo ukawa mweupe, akaruhusiwa na mpira wa siku chache.

Jamani ule mpira. Mzee wangu ni mtu wa Rufiji, mgumu, sijawahi kumsikia akilalamika. Usiku wa pili nyumbani Mbagala akaniita, amekunja magoti, jasho linamtoka, anasema anataka kukojoa na huku mpira upo. Mkojo ukapita pembeni ya mpira, ukalowanisha shuka. Nikadhani mpira umechomoka. Nikaushika nikauvuta kidogo kuangalia. Sitasahau sauti aliyoitoa.

Wenzangu msivute. Kwa ndani unashikiliwa na puto lililojazwa maji.

Tulichokuja kufundishwa ni kubandika mpira kwenye paja kwa plasta, ukiacha nafasi kidogo usivutike anapogeuka. Hilo tu lilipunguza nusu ya mateso. Kabla ya hapo uzito wote wa mfuko ulikuwa unaning'inia kwenye ile shingo ya kibofu iliyotoka kukwanguliwa.

La pili, choo kigumu. Alipewa tramadoli, na tramadoli inafunga choo. Siku ya 12, mpira ulishatolewa na tunajua tumemaliza, akaenda akajikamua. Damu ikatoka nyekundu na mabonge. Tulikimbia hospitali usiku. Daktari akasema kuanzia kama siku ya 10 hadi ya 14 gaga la kidonda huwa linabanduka kwa ndani, ukijikamua au ukibeba kitu kizito unalichochea. Baada ya hapo ikawa papai kila asubuhi, maji, mboga za majani, na dawa ya kulainisha choo. Ndoo ya maji nikamkataza wiki sita. Alinuna lakini alitii.

Nesi wa zamu ya usiku

Nimesoma wote, Mungu awape wepesi. Niko wodi ya upasuaji, mwaka wa 11 sasa. Mtoa mada, nimekuelewa sana kuhusu maelezo. Wagonjwa ni wengi na asubuhi ya kuruhusu watu kila mtu anakimbia, lakini hiyo si sababu ya mtu kurudi nyumbani hajui ana nini mwilini.

Niwatofautishie vitu viwili ambavyo ndugu wanavichanganya, maana kimoja ni cha kuvumilia na kingine ni cha kukimbia.

Kibofu kikijikunja, maumivu yanakuja na kuondoka kama uchungu, mkojo unaweza kuvuja pembeni ya mpira, lakini ukitazama mfuko unaendelea kupokea. Hapo mgonjwa avute pumzi ndefu, alegeze miguu, asisukume, na kama yanajirudia aombe dawa ya kutuliza kibofu. Dawa hiyo inakausha mdomo na kufunga choo, na wenye presha ya macho waseme kabla ya kupewa.

Mpira ukiziba ni habari nyingine. Tumbo la chini linavimba na kuwa gumu, maumivu hayaachii, na mfuko hauongezeki kabisa. Kwanza angalia kama ameulalia mpira, umejikunja, au mfuko uko juu ya kitanda. Nyoosha, shusha. Usipoona mkojo ukishuka, nenda hospitali sasa hivi, usisubiri asubuhi. Na usimwambie mgonjwa anywe maji mengi kusukuma, utamjaza zaidi.

Mfuko muda wote uwe chini ya kibofu lakini usilale sakafuni. Umwageni kabla haujajaa, mfuko mzito unavuta. Mahali mpira unapoingilia pasafishwe kwa maji na sabuni mara mbili kwa siku, mikono ioshwe kabla na baada. Si spiriti, si dettol, inababua.

Kuhusu dawa za maumivu, sikilizeni vizuri. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini au mwili mdogo sana apewe pungufu. Madukani kuna vidonge vya diklofenaki vilivyochanganywa na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Mtu anameza hivyo, anaongeza na parasetamoli ya hospitali, anakuwa amezidisha bila kujua. Someni pakiti. Diklofenaki na ibuprofeni zenyewe ni nzuri kwa maumivu ya njia ya mkojo, pengine kuliko nyingi, lakini kwa mwenye figo dhaifu, vidonda vya tumbo, au aliyetoka kukwanguliwa tezi dume, ni daktari tu aseme ndiyo. Wanaotumia asipirini ya moyo waulize siku ya kuirudia, wasijirudishie wenyewe.

Na hili la U.T.I. linaniuma. Mtu mwenye mrija ukimpima mkojo kwa kijiti utaona damu na chembe nyeupe hata kama hana maambukizi, kwa sababu mrija wenyewe unasugua. Kinachohitajika ni kuotesha mkojo maabara, kuona kama kuna vijidudu vinavyoota. Msimeze antibayotiki kwa sababu ya kuungua tu. Lakini joto likifika 38, au mwili ukatetemeka kwa baridi, hiyo ni dharura kwa mtu aliyetoka kufanyiwa kamera. Vivyo hivyo mkojo kugoma kutoka, mabonge ya damu, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kukata.

Kijana wa Goba

Dada nesi naomba msaada. Mama yangu ametolewa figo moja iliyokuwa imekufa, kwa matundu madogo tumboni. Jana karudi. Matundu hayamuumi sana, analalamikia bega la kulia! Shangazi anasema walimlaza vibaya wakamtegua, anataka aje mtu wa kuchua.

Nesi wa zamu ya usiku

Asichuliwe kaka. Ni gesi. Ili waone vizuri, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Inayobaki inapanda chini ya kile kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hicho inatokea shingoni, sehemu moja na ya bega. Kwa hiyo ubongo unasoma bega. Mwili unaifyonza yenyewe, siku moja hadi tatu. Mtembeze ndani ya nyumba kidogo kidogo mara nyingi, akizidiwa alale chali bila mto mrefu. Parasetamoli kwa saa kama tulivyosema. Akikohoa au kucheka akumbatie mto tumboni. Avae dera, si sketi ya mkanda.

Akisema kifua kinabana au pumzi ni fupi, hapo si gesi, mrudishe. Na kwa kuwa amebaki na figo moja, diklofenaki na ibuprofeni asiguse.

Kijana wa Goba

Asante sana dada. Nimemsomea yote, kaanza kutembea na fimbo ya babu mpaka jikoni na kurudi. Shangazi kakubali kuchemsha uji badala ya kuchua.

Mkulima wa Chanika

Mtoa mada mimi nakushauri kwa nia njema, kuna mizizi inachemshwa, unakojoa sana na njia inasafishika, hata bomba utalisahau.

Mtu wa Tabata

Mzee wangu Mkulima, asante, najua unanitakia heri na mama yangu mzazi angenishauri hivyohivyo. Nilimuuliza daktari. Alisema kitu chochote kinachokukojoza kwa nguvu ukiwa na bomba kinaongeza safari za chooni na lile puto la ubavuni, na mizizi asiyoijua hawezi kusema inaifanya nini figo iliyotoka kuumia. Nikaishia kwenye maji. Kwa joto letu hili nilinunua chupa mbili za lita moja na nusu kila asubuhi, ya kwanza naimaliza kabla ya saa saba mchana, ya pili kabla ya magharibi. Baada ya hapo ni kulowanisha koo tu, vinginevyo hulali. Kahawa ya kijiweni niliiacha, na pilipili pia, kibofu changu kilikuwa kinazijibu ndani ya nusu saa. Wenye moyo au figo mbovu wapangiwe kiasi cha maji na daktari wao.

Na mke wangu alikuwa anajaza maji ya moto kwenye chupa, anaizungushia khanga mara mbili, naiweka ubavuni. Haikuwa dawa kubwa, lakini ndiyo iliyokuwa inanipa usingizi.

mama_wawili

Na kutolewa kwake vipi? Mimi nina tarehe wiki ijayo na naogopa kuliko upasuaji wenyewe.

Mtu wa Tabata

Mama, nilikuwa kama wewe. Nilimeza dawa ya maumivu niliyoelekezwa saa moja kabla. Wakaweka jeli ya ganzi, baridi sana, wakasubiri ifanye kazi, hapo waombe wasiharakishe. Kamera nyembamba ikaingia, wakaniambia nipumue kwa mdomo kama napuliza mshumaa na nijaribu kukojoa inapopita. Kwenye skrini nikaliona lenyewe, ncha ya buluu imejikunja. Kikoleo kidogo kikaishika. Kulivuta hakukufika hata nusu dakika. Ni hisia ya ajabu, kama uzi unaochomolewa kwenye ushanga, lakini si maumivu niliyokuwa nimejiandalia.

Nikuonye tu kuhusu jioni yake. Saa tano baadaye ubavu ulinishika vibaya kama siku za jiwe. Njia inajibana ikizoea kuwa tupu. Yaliisha usiku uleule kwa dawa na chupa ya moto. Kuungua ukikojoa kulinichukua siku mbili.

bint_Kigamboni

Jamani msikose hiyo tarehe. Niliyelala naye kitanda cha jirani alikuja kutolewa mrija uliokaa karibu miaka miwili. Alihama mkoa, maumivu yalipungua, akasahau. Ulikuwa umeota mawe juu yake kama kutu kwenye bomba, ikabidi apasuliwe upya ili utoke. Mimi niliambiwa haupaswi kuzidi miezi michache, wengi wetu ni wiki tu.

mama_wawili

Nimeelewa. Nimemwambia mwanangu mkubwa aandike tarehe kwa chaki nyuma ya mlango wa chumbani. Na kaka wa Tabata, jana usiku nimeanza kuweka njiti. Zilikuwa 8.

Nesi wa zamu ya usiku

Mama, zibebe hizo njiti siku ukija.